Minestrone: kila mboga na zamu yake

Kiswahili kina njia yake ya kukuza vitu. Mtu akipita kiasi anakuwa jitu, nyumba ikipita kiasi inakuwa jumba. Waitaliano nao wana mchezo huohuo, ila wao hubandika mkia badala ya kichwa. Supu ya kawaida ya mboga au pasta wanaiita minestra, neno lenye asili ya kitenzi cha Kilatini cha kuhudumia, yaani kumpakulia mtu chakula mezani. Weka -one mwishoni na minestra inakuwa minestrone. Jisupu. Ni chakula cha sahani moja cha kumshibisha mtu mzima, kizito kiasi kwamba watu wa mji wa Genova hupenda kijiko kisimame chenyewe katikati ya bakuli.

Nimeipika kwa miaka mingi Malindi, mji uliozoeana na Waitaliano tangu walipoanza kurusha roketi zao kutoka kituo cha San Marco, kule Ngomeni, miaka ya 1960. Sokoni kwetu muuza nyanya anaweza kukutajia bei kwa Kiitaliano kabla hujamwamkia. Signora, yaani bibi wa Kiitaliano, wa kwanza niliyempikia alikuwa mtu wa Genova. Wa pili alikuwa wa Milano. Walikuwa majirani, wakikopeshana vitabu na kahawa, lakini kwa minestrone hawakupatana hata siku moja. Yule wa Genova hakaangi kitu: mboga zinaingia majini mbichi, na utamu wote unaletwa mwishoni na pesto, yaani majani ya rehani yaliyotwangwa na jibini na mafuta. Yule wa Milano naye, bila kitunguu, karoti na seleri kukaangwa pole pole mwanzo, hiyo kwake haikuwa minestrone bali maji ya mgonjwa. Mimi nimechukua mwanzo wa huyu na mwisho wa yule. Walipoionja, kila mmoja alisema nimeharibu nusu.

Jambo moja tu ndilo waliloafikiana, nalo ndilo nililojifunza kwa aibu. Siku ya kwanza nilikata mboga zote vizuri, nikazimwaga sufuriani kwa mpigo mmoja. Baada ya saa nzima signora akaja, akakoroga kwa mwiko, akaniuliza, "Zukini ziko wapi?" Nikamwambia, "Zimo, mama." Akakoroga tena. Hazikuwepo. Zukini ni maboga machanga laini, zilikwishayeyuka zamani, na karoti ndiyo kwanza zimelainika. Siku ya pili alizipanga mboga mezani kwa mstari, kuanzia karibu na jiko mpaka ukingoni, kila moja kwenye bakuli lake, akaniambia mstari ule ndio saa yangu. Mpaka leo nazipanga hivyo. Ukisikia minestrone ni "mboga yoyote uliyo nayo", jua ni kweli upande mmoja tu. Mboga yoyote, sawa, ila si wakati wowote.

Maharagwe hayakuwapo

Kabla ya kuingia jikoni, jambo moja la asili yake, kwa sababu linakusaidia kuchagua. Maharagwe tunayoyajua, pamoja na nyanya, mbatata, maboga na zukini, yote yametoka Amerika, na hayakufika Italia mpaka baada ya safari ya Columbus ya 1492. Nyanya zinatajwa Toscana mwaka 1548. Sasa kabla ya hapo Mwitaliano alikuwa anaweka nini kwenye supu yake? Kunde. Kunde hizihizi zenye jicho jeusi, mmea wenye asili ya Afrika, zililiwa huko tangu enzi za Warumi. Kuna mchoro wa Annibale Carracci, wa miaka ya 1580, ulioko Galleria Colonna mjini Roma: mwanamume wa kazi, kofia kichwani, kijiko kimefika karibu na mdomo, bakuli la maharagwe mbele yake na vitunguu vya majani pembeni. Ukitazama bakuli lile vizuri utaona macho meusi. Kwa hiyo usione haya kupika minestrone ya kunde. Utakuwa umerudi nyuma kuliko wengi wao.

Hata hivyo, kwa mwongozo huu natumia maharagwe. Kaskazini mwa Italia wanapenda borlotti, yenye ngozi ya rangi ya maziwa na michirizi myekundu. Ndugu yake wa karibu kwetu ni rosecoco. Yakiiva yanatoa uji mzito na ladha inayokaribia njugu, ndicho tunachokitaka.

Vitu vya watu sita

- Maharagwe makavu, gramu 250
- Mafuta ya zeituni, vijiko 5 vya mezani, na mengine ya kumiminia mezani
- Kitunguu maji kikubwa 1, karoti 2, mabua 2 ya seleri
- Liki 1, ikipatikana
- Vitunguu saumu, punje 3
- Mbatata, gramu 300
- Boga, gramu 200
- Kabichi, gramu 250
- Mishiri (maganda mabichi ya maharagwe), gramu 150
- Zukini 2 za wastani
- Nyanya mbivu 2
- Sukuma wiki au spinachi, gramu 150
- Kijitawi cha rozmari
- Ganda la jibini la Parmigiano, urefu wa kidole
- Pasta ndogo, gramu 150
- Chumvi na pilipili manga

Milano huanza na nyama au mafuta ya nguruwe. Sijawahi kuyaweka na supu haijawahi kulalamika.

Kuhusu ganda la jibini: watu wengi hulitupa, na ndilo mchuzi wenyewe. Si nta wala plastiki, ni jibini ileile iliyokauka nje kwa mwaka mzima au zaidi, kwa maana Parmigiano Reggiano haiuzwi kabla ya miezi 12. Parua upande wa nje kwa kisu, osha, litumbukize. Kwa asiyekula kila kitu, ajue kwamba jibini hii hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama. Ukitaka kuepuka, tafuta jibini ngumu iliyogandishwa kwa kimeng'enya cha mimea, au acha kabisa, uongeze maharagwe ya kuponda.

Na ile unga ya mchuzi ya pakiti, iache kabatini. Ukiitia, kila mboga itakuwa na ladha moja, sasa kazi yote ya kuzipanga ilikuwa ya nini?

Usiku uliotangulia: maharagwe

Chambua kwenye ungo, osha, halafu roweka kwenye lita 1 ya maji yenye kijiko kimoja cha mezani cha chumvi. Saa 8 mpaka 12. Kwenye joto la pwani, yakipita saa 4 yaweke friji, la sivyo yataanza kuchachuka.

Najua, wengi tumelelewa tukiambiwa chumvi inagumisha maharagwe. Ni kinyume chake. Ngozi ya haragwe inashikamana kwa msaada wa kalsiamu na magnesiamu. Sodiamu iliyo katika chumvi inapoingia inachukua nafasi ya baadhi ya madini hayo na ngozi inalegea. Vinavyogumisha kweli ni vitu vitatu. Uchachu ni cha kwanza, ndiyo maana nyanya haikutani na maharagwe mabichi kwenye mwongozo huu. Cha pili ni maji magumu, na sisi wa visima vya pwani, tunaochota maji yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, tunayajua kwa ukoko mweupe ndani ya birika. Kama ndiyo maji yako, tia robo ya kijiko cha chai cha bikaboneti wakati wa kuchemsha, usizidishe, yatanuka sabuni. Cha tatu ni uzee. Haragwe lililokaa guniani mwaka mzima kwenye joto na unyevu linaweza kuchemka tangu asubuhi hadi adhuhuri na bado likagonga meno. Hilo halina dawa. Badilisha duka.

Asubuhi mwaga maji ya kurowekea, suuza, tia maji mapya yafunike maharagwe kwa vidole vinne. Weka punje moja ya kitunguu saumu na ganda lake, na kijitawi cha rozmari. Sasa sikiliza hapa, maana si suala la ladha: yachemshe kwa moto mkali, yatokote kwelikweli, kwa dakika 10 kamili. Maharagwe yasiyoiva yana protini yenye sumu inayoweza kumtapisha na kumharisha mtu ndani ya saa chache, na moto mdogo peke yake hauiui. Wenye vile vyungu vya umeme vya kupika taratibu kutwa nzima wawe waangalifu zaidi. Yachemshe kwanza jikoni, ndipo uyahamishe.

Baada ya hapo punguza moto, funika nusu, yaive kwa dakika 60 hadi 90. Kwa presha, dakika 15 tangu ianze kupiga zinatosha. Mpishi wa Nairobi aongeze muda, kwa sababu kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Haragwe limeiva ukilibana kwa ulimi juu ya kaakaa na likasagika lote bila kubakiza kiini kigumu. Onja matano, usionje moja. Kisha tia chumvi kidogo na uyaache ndani ya maji yake. Maji hayo ya rangi ya udongo usiyamwage hata tone, ndiyo nusu ya supu.

Soffritto, au kazi ya kujizuia

Wakati maharagwe yanaiva, kata kitunguu, karoti na seleri vipande vya nusu sentimita. Hivi vitatu ndivyo msingi. Neno lenyewe, soffritto, lina maana ya kukaanga chini ya kukaanga: kukaanga kusikofika.

Hapa ndipo mkono wa Mswahili unapomsaliti. Sisi tuliokuzwa na pilau, tukiona kitunguu kwenye mafuta tunataka kiwe chekundu. Tusipokifikisha hapo tunajiona wavivu. Kwa minestrone kitunguu chekundu ni hasara. Kinaleta utamu uliokolea na rangi ya kahawia, na supu yote itanukia sherehe ya harusi. Tunachotaka ni kitunguu kilicholegea, cheupe, kinachopenya mwanga kama kioo chenye mvuke.

Tia mafuta vijiko vitano kwenye sufuria nzito, moto mdogo. Mimi nikitumia jiko la makaa nachota makaa nusu nayaweka pembeni. Tia kitunguu kabla mafuta hayajapata moto sana, pamoja na karoti, seleri, liki, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Chumvi hiyo inayavuta maji ya mboga nje, na maji hayo yanazuia kuungua. Kisha tega sikio. Mafuta yanatakiwa kunong'ona. Yakianza kuchachatika kama dagaa, moto umezidi: inua sufuria, tia kijiko cha maji, punguza. Dakika 20. Mama yule wa Milano alikuwa akipita nyuma yangu akisema "piano, piano", na mimi nikidhani anataja kinanda, kumbe pole pole.

Dakika ya 15 tia punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa. Ukizitia mwanzo zitaungua na kuwa chungu.

Wafuasi wa Genova waruke sehemu hii nzima. Watie mboga za zamu ya kwanza kwenye maji baridi pamoja na mafuta na kitunguu, wawashe moto. Supu itakuwa nyepesi kwa ladha, safi zaidi, na pesto itakuwa si pambo tena bali lazima.

Zamu

Panga mboga zako kwa mstari sasa. Vipande viwe vya sentimita moja hivi, ili kijiko kimoja kichukue mboga tatu au nne kwa pamoja. Vikiwa vikubwa unakula mbatata, halafu unakula boga, hujala minestrone.

Zamu ya kwanza ni za kukaidi: mbatata, boga na kabichi iliyokatwa nyuzi nene. Ziingie kwenye soffritto, uzigeuze dakika 5 mpaka zipakwe mafuta kila upande. Mimina maji ya moto lita 1 na nusu, tumbukiza ganda la jibini, tia kijiko cha chai cha chumvi. Maji yakianza kuchemka punguza moto mpaka uone viputo viwili vitatu vikipanda taratibu, kisha funika nusu. Dakika 25.

Mbatata zina kazi mbili hapa. Moja ni kuliwa, nyingine ni kuvunjika pembe zake na kuuzitisha mchuzi. Kwa hiyo chagua zile za unga, zinazopasuka zikichemshwa, wala si zile ngumu za saladi.

Zamu ya pili: mishiri iliyokatwa vipande vya sentimita mbili, nyanya zilizomenywa na kukatwakatwa. Kwa nini nyanya zimengoja? Kwa sababu uchachu wake unachelewesha mbatata kulainika kama unavyochelewesha maharagwe. Mbili tu, tena za wastani. Minestrone si supu ya nyanya, ingawa mikahawa mingi ya watalii inaifanya nyekundu kama mchuzi wa samaki. Dakika 10.

Zamu ya tatu ni ya maharagwe. Toa rozmari na lile ganda la saumu. Chukua nusu ya maharagwe pamoja na upawa mmoja wa maji yake, ponda kwa uma au pitisha kwenye mashine mpaka yawe uji, uurudishe sufuriani. Nusu iliyobaki iingie nzima, na maji yake yote. Hapa ndipo supu inapobadilika mbele ya macho yako: kutoka maji yenye mboga inakuwa kitu kimoja, na mwiko unaanza kuacha njia nyuma yake. Tia na zukini sasa. Dakika 15.

Mwisho majani. Sukuma wiki inafanana sana na ile kabeji nyeusi ya Toscana wanayoiita cavolo nero. Zote ni za jamii moja, ya kabichi isiyofunga kichwa. Ondoa uti wa kati, kata nyembamba, ipe dakika 10. Spinachi inataka 4 tu.

Onja. Chumvi mara nyingi itapungua kwa sababu mbatata na maharagwe huimeza. Supu ikiwa nyepesi, iache wazi ichemke. Ikiwa nzito kama ugali, ongeza maji ya moto nusu kikombe kwa nusu kikombe. Kama hakuna pasta inayoingia leo, zima moto, funika, ipumzike nusu saa. Usiogope ikipoa. Huko inakotoka hailiwi ya kuunguza ulimi, huliwa vuguvugu, na ladha ya mboga inasikika zaidi hivyo.

Pasta, mahali wengi wanapoharibu

Pasta bora ni ile ndogo. Ditalini ni virija vifupi, na jina lake limetokana na subana, kile kikofia cha kidole cha fundi cherehani. Usipoipata, makaroni madogo yanafaa. Spageti pia inafaa, na Waitaliano wenyewe huivunja kwa minestrone ingawa kwa chakula kingine ni mwiko. Usivunje juu ya sufuria, vipande vitaruka mpaka chini ya kabati. Zifunge kwenye kitambaa cha jikoni kama unavyofunga sambusa ndefu, shika ncha mbili, sugua furushi kwenye ukingo wa meza kutoka juu kwenda chini. Utasikia zinavunjika mfululizo. Fungua kitambaa, mimina. Tambi zile nyembamba za kupika na sukari usizijaribu. Zitageuka uji kabla hujafika mezani.

Sasa sheria isiyo na msamaha: pasta ipikwe kwa supu ya leo tu. Pasta haiachi kunywa. Ukiilaza ndani ya supu, asubuhi utakuta imevimba mara mbili, mchuzi umekauka, na huna supu wala huna pasta. Kwa hiyo hesabu walaji, hamisha supu yao kwenye sufuria ndogo, ichemke, tia gramu 25 za pasta kwa kila mtu. Ukiipikia ndani ya supu badala ya maji pembeni, wanga wake unabaki humohumo na kuongeza uzito. Koroga mara kwa mara, kwa sababu hapa ndipo sufuria inaposhika chini. Pakiti ikisema dakika 9, zima kwenye ya 7. Zile mbili zitamalizika bakulini.

Milano huweka mchele mahali pa pasta, ule mfupi wa kunata. Pishori yetu haitoi uji wa kutosha, lakini harufu yake haina ubaya ndani ya boga.

Pesto

Pesto ya Genova ni majani ya rehani, saumu, mbegu za msonobari, jibini mbili, mafuta na chumvi. Kwa sufuria hii: gramu 50 za majani, punje ndogo 1 ya saumu, gramu 20 za mbegu, gramu 40 za jibini iliyokunwa, mililita 70 za mafuta ya zeituni. Mbegu za msonobari kwetu zinauzwa kama dhahabu. Korosho mbichi zisizokaangwa zinafanya kazi ileile ya kulainisha, nami nimezitumia miaka yote bila kumwambia signora mpaka alipoondoka.

Jihadhari na rehani. Ile inayotakiwa ina majani mapana laini, yenye harufu tamu, na wakulima wa Malindi wanaipanda kwa ajili ya hoteli. Mrihani wetu wa kikuba ni kitu kingine. Niliwahi kuutumia siku rehani ilipokosekana sokoni. Pesto ilitoka kijani safi, ya kupendeza, na meza nzima ikanukia bibi harusi.

Kwenye kinu, saumu na chumvi ya mawe kwanza mpaka ziwe rojo, kisha korosho, kisha majani kidogo kidogo. Usitwange kwa kushindilia. Zungusha mchi ukibana majani kwenye ubavu wa kinu, yachanike. Halafu jibini, mwisho mafuta. Wenye blenda wawashe kwa vipindi vifupi, kwa sababu joto la visu linayafanya majani kuwa meusi.

Pesto isichemke kamwe. Zima moto, acha supu dakika chache, ndipo utie kijiko kimoja kwenye kila bakuli, mlaji akoroge mwenyewe. Juu yake uzi wa mafuta, pilipili manga, basi. Ukiweka pesto, jibini ya kunyunyiza haina kazi tena.

Inayobaki

Pellegrino Artusi, mtu ambaye kitabu chake cha mapishi cha 1891 kilikuja kukaa karibu kila jikoni la Italia, anasimulia kwamba mwaka 1855 alikula minestrone Livorno, na usiku ule tumbo likamsokota vibaya. Aliilaumu supu. Alipokwisha kukimbilia Firenze akapata habari kwamba kipindupindu kimezuka Livorno, na mwenye nyumba aliyokuwa amepanga amekwisha kufa. Supu ilisingiziwa.

Lakini supu ya maharagwe iliyolala juu ya jiko usiku wa joto haihitaji kusingiziwa. Ndani ya saa 2 baada ya kupika iwe imeingia friji. Sufuria kubwa inachukua muda mrefu kupoa katikati, hivyo igawe kwenye vyombo vifupi vipana, au simamisha sufuria kwenye beseni la maji baridi ukikoroga. Friji itaitunza siku 3. Kwenye friza, bila pasta na bila pesto, miezi 3, ingawa mbatata zitakuwa na chengachenga kidogo, ziponde tu. Ukiipasha, ichemke kabisa.

Siku ya pili itakuwa nzito na tamu kuliko ya kwanza, na hapo una njia mbili. Toscana wangeweka tabaka la mkate mkavu wa jana, tabaka la supu, tabaka la mkate, kisha kuchemsha tena na kuiita ribollita, iliyochemshwa tena. Mkate wetu laini wa slesi haufai, unayeyuka. Tumia boflo iliyokauka siku mbili. Milano nao, majira ya joto, huila baridi, wali ukiwa ndani, imeganda kiasi cha kukatika kwa kijiko. Nilicheka nilipoiona mara ya kwanza. Ilikuwa mwezi wa Februari, kaskazi inavuma, hakuna aliyetaka kusogelea jiko, na bakuli zote zilirudi jikoni tupu.

Lile ganda la jibini halirudi kwenye friji. Limekwisha lainika kama ufizi. Likate vipande vidogo ukiwa bado jikoni, kabla wengine hawajakumbuka kuuliza.